Konzi ya Nahashon

Haya yalimpata Nahashon, jamaa niliyelinda naye lango moja hapa Doha, na siku aliponisimulia hakuniangalia usoni.

Mwaka 2014 alikuwa ameshakata tiketi ya bei ya chini ya kwenda Budapest, siku tano tu, ndipo baba yake akafariki, mzee aliyekuwa amekatwa kidole kimoja zamani na mashine ya kukatia nyasi. Tiketi ile haikuwa ya kurudishwa. Nahashon akampigia dada yake, Jerusha, akamwambia kampuni imemnyima ruhusa ya kurudi nyumbani kuzika.

"Basi tutamzika bila wewe," Jerusha akasema. "Konzi yako ya udongo wa kaburini tutakuwekea."

Akaenda Budapest. Akalala hosteli ya vitanda vinane, akashindia mkate na ndizi. Saa ya mazishi alikuwa darajani, anajipiga picha.

Alirudi Doha, mtaani kwao Fereej Bin Mahmoud, saa nane mchana, lakini chumbani mlikuwa na giza totoro. Wenzake wa zamu ya usiku walikuwa wamelala, mapazia yamefungwa, na hapo taa haiwashwi watu wakilala. Akapapasa begini atoe boksi la chokoleti alilowaletea. Akasikia kitu kikimwagika ndani ya boksi, chwaa, chwaa, kama udongo unapoangukia jeneza.

Akamulika kwa simu. Boksi lilikuwa limefungwa vilevile lilivyotoka dukani. Akalichana. Lilijaa udongo mwekundu, mbichi, na juu yake palikuwa na alama ya kiganja chenye vidole vinne.