Gea Aliyoichagua Obonyo

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari la mashindano la Obonyo lilikutwa mtaroni karibu na Kisian, pua imekunjika, mwenyewe amekufa kwenye usukani. Kufikia saa mbili, mtaa wake wote wa Manyatta ulikuwa umeshapata muuaji: Celestine, fundi wa magari wa mtaa wa Nyalenda, aliyemtolea gea ya otomatiki Jumamosi na kumfungia ya mkono. Gea ilikwama, walisema.

Celestine aliogopa hata chai ikamshinda. Usimcheke, watu hamsini wakuite muuaji getini, uone kama chai itapita.

Inspekta Mariamu Idd alimpeleka kituoni, akamwamuru alifungue gari mbele yake. Celestine akashusha gea. Meno yote yalikuwa mazima. Lakini klachi, mpya ya jana, ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua.

"Hii imechomwa na mtu aliyelaza mguu kwenye pedali ya klachi," alisema. "Obonyo ameendesha gea ya mkono miaka kumi. Si yeye aliyelileta gari Kisian."

Akaeleza pia kwamba rivasi ya gea hiyo, ya kurudi nyuma, haiingii mpaka uinue pete iliyo chini ya kirungu cha kubadilishia gea, na alimwonyesha Obonyo peke yake. Daktari aliyeikagua maiti naye alikuwa amekuta jeraha kisogoni, ilhali gari liligonga kwa mbele.

Inspekta akamwita Ogola, mdogo wa marehemu. Ogola alisema kaka yake aliondoka peke yake saa kumi na moja alfajiri. Yeye anajua otomatiki tu, na tangu gea ibadilishwe hajaingia garini wala kuonyeshwa chochote.

Saa tisa, gea ilipokwisha kurudishwa, Inspekta alimwomba Ogola akae kwenye usukani aweke rivasi, fundi akague. Celestine alisimama kwenye mlango wa gari. Ogola asipojifichua, ni yeye Celestine atakayelala ndani.

Vidole viwili vya Ogola vikapita chini ya kirungu, vikainua pete. Rivasi ikaingia.

"Nani alikuonyesha?" Inspekta aliuliza.

Ogola alijaribu kusema hili na lile, kisha akakiri. Walikuwa wamegombana alfajiri, akampiga spana ya magurudumu, akapapasa kirungu mpaka akaipata pete na kulirudisha gari nje ya geti, akamwendesha hadi Kisian, akamkalisha kwenye usukani na kuliachia gari mteremkoni.

"Gari tulilinunua wawili, madam," alisema. "Akabadilisha gea makusudi, mimi nisiliguse. Mashindanoni niwe wa kumpigia makofi."

Ni kweli ilikuwa makusudi, ila si kwa sababu hiyo. Celestine alikuwa amemwapia Obonyo kunyamaza, na hata sasa aliogopa kusema.

"Nilimwambia otomatiki yake ina kasi zaidi," alisema. "Nikamwambia hii itampotezea sekunde na pesa nyingi. Akasema potelea mbali. Alikuona umeanguka kifafa bafuni, Ogola. Alijua unalichukua gari akilala. Hakutaka kukuaibisha, na hakutaka kukuzika."

"Aliniona?" Ogola aliuliza.

Alikuwa bado ameshika kirungu cha gea, na ilibidi askari wawili wambandue vidole.