Mstari wa Thelathini na Saba

Raoul Kalenga aliuawa mchana kweupe, akiwa kwenye kiti chake cha kazi. Vipigo vitatu vya kichwa. Cha kwanza kilimwangusha juu ya meza, cha pili kilipasua fuvu, na cha tatu, kwa maoni ya Inspekta Nafisa Asani, kilikuwa hofu tu.

Silaha haikwenda mbali. Ilikuwa sakafuni: kile kidhibiti umeme kizito, stabilisateur, ambacho kila mwenye kompyuta Lubumbashi anacho, maana umeme wetu una vituko vyake. Kona moja ilikuwa na nywele, na damu ambayo haijakauka.

"Ni bapilleurs, Chef," alisema Agent Paluku kutoka mlangoni, bunduki begani. "Barabara yote ya Kasapa wameipora asubuhi."

Kweli walipita. Ilikuwa wiki ya pili tangu waasi waingie mjini na kufukuzwa, na tangu siku hiyo mji haukuwa na mwenyewe. Gavana alikuwa amekimbia. Wanajeshi waliorudi walikuwa na hasira ya watu waliokimbia wao kwanza. Walizoa vijana mitaani kwa mamia na kuwajaza kambini. Duka la dawa la jirani lilikuwa linafuka moshi, na mbele yake maiti mbili zimefunikwa kwa maboksi.

Lakini Nafisa hakupenda majibu ya haraka. Miaka kumi na minane ya upelelezi ilimfanya awe mtu wa kuudhi.

"Paluku, printa ile pale ni ya nani?"

"Ya marehemu."

"Na skana? Na skrini? Na katoni mbili za karatasi?"

Paluku alivihesabu kwa macho.

"Waporaji gani hao wanaacha vitu vyote hivyo, halafu wanasaga sanduku la kompyuta kwa chuma? Mtu alitaka kuua kilichokuwa ndani."

Mbele ya meza kulikuwa na viti viwili, ubavu kwa ubavu. Nafisa alivitazama kwa muda, kisha akatoka nje kwa mjane.

Victorine alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, kitenge kimelowa damu ya mumewe. Ndiye aliyemkuta, saa tano, alipomletea chakula. Chakula chenyewe bado alikuwa amekishika.

"Pole, mama. Viti viwili vile, cha pili ni cha nani?"

"Ya client, Mama Inspecteur." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Bantu balikuwa banakuya na bidocument bya kufungwa, bya kusoma tu, hauwezi kugusa hata lettre moja. Raoul anabigeuza, njo unaweza kufuta na kuandika ndani. Mais hakukuwa na confiance na mashini. Anasema, mashini iko inasoma sawa mulevi. Donc client anakaa pembeni, anasoma papier ya kwanza kwa sauti, na Raoul anafwata mustari kwa mustari. Page ikiisha, client anatia paraphe, signature ya kifupi, pa chini. Bila paraphe, hatoki."

"Kila mteja?"

"Hata pasteur. Hata ma-professeur ba université ya Kasapa."

"Leo alikuwa na nani?"

"Sijue. Asubuhi alianzia ku morgue, ku bamaiti, anatafuta ndugu yake. Kila siku vile, tangu basoda bakamate batoto. Kisha akakuya kufungua."

Nafisa alirudi ndani. Walipouinua mwili ili kuulaza kwenye turubai, karatasi moja ilibaki imeganda kifuani mwa marehemu. Nafisa aliibandua taratibu kwa kibanio. Ilikuwa orodha ya majina, kutoka la kwanza hadi la ishirini na nne, na juu yake kichwa cha barua cha jeshi: WATAKAOACHILIWA LEO, SAA TISA. Ukurasa wa pili haukuwepo.

Chini kabisa kulikuwa na saini fupi ya wino wa buluu: J yenye mkia unaojizungusha mara mbili.

Nafisa aliinama karibu zaidi. Saini hiyo aliijua. Ilikuwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti yake. Ilikuwa kwenye cheti cha kila mtoto wa komini ile, kata ile ya mji, kwa miaka ishirini na miwili.

"Twende kwa katibu wa komini," alisema. "Kwa Chomba Jeannot."

Walimkuta ofisini, peke yake katika jengo lisilo na vioo, anapanga mafaili kana kwamba ni Jumanne ya kawaida. Mikono ya shati ilikuwa bado imelowa maji, alikuwa ameifua. Ndani ya beseni kulikuwa na majivu ya karatasi. Juu ya meza, kwenye jalada safi, kulikuwa na nakala ya orodha ambayo jeshi lilimpa athibitishe majina kwa muhuri, naye akaipeleka kambini. Makarani wa nchi hii wanaweza kuua, lakini hawawezi kukosa kuweka nakala.

Nafisa alifungua ukurasa wa pili. Majina arobaini na moja kwa jumla. Alipofika mstari wa thelathini na saba alisoma kwa sauti: "Chomba Héritier. Miaka ishirini."

"Ni mutoto yangu," alisema Jeannot. "Iko ku liste. Kuko mubaya gani?"

"Alikuwepo kwenye ile ya kwanza?"

Jeannot alifunga jalada. Paluku alimfunga pingu.

Kituoni ilikuwa saa nane na dakika kumi. Nafisa aliweka saa yake mezani. Arobaini na moja wangetoka getini saa tisa. Waliobaki wangepakiwa kwenye malori, na malori ya wiki iliyopita hayakurudisha hata viatu vya watu. Ofisi iliyotoa orodha iliteketea jana. Ukurasa wa pili wa ile ya kwanza ulikuwa majivu ndani ya beseni. Kijana mmoja aliyepaswa kurudi kwao angepandishwa lori badala yake, na jina lake lilikuwa limebaki sehemu moja tu duniani, kichwani mwa mtu aliyekaa mbele yake.

"Ulimtoa nani, Jeannot?"

"Sikutoa muntu."

"Ulikuwa kwa Raoul saa nne."

"Hapana."

Nafisa alimsogezea ile karatasi yenye damu. Jeannot aliitazama saini yake. Miaka ishirini na miwili mkono ulikuwa umezoea kusaini chini ya kila ukurasa. Ulisaini na huu, bila kumuuliza.

"Ulimtoa nani?"

Paluku alimpiga kofi la nguvu, likamrusha mpaka ukutani. Jeannot alitema jino, akarudi akakaa, akaiweka mikono yenye pingu juu ya meza. Nafisa hakumzuia Paluku. Baadaye alijilaumu, lakini wakati ule hakumzuia.

"Munipige," alisema Jeannot. "Kisha saa tisa, mutoto atatoka."

"Na mtoto wa mwenzio?"

"Simujue."

Saa nane na nusu. Nafisa angeweza kumtuma mtu kambini kusema orodha ni ya uongo, na kapteni wa kambi angefurahi sana: angewarudisha wote arobaini na moja. Alilijua hilo, na Jeannot alilijua vilevile. Ndiyo maana alikaa pale anavuja damu na kungoja saa.

Nafisa aliivuta ile karatasi akaigeuzia upande wa Jeannot.

"Soma."

"Nini?"

"Ulimsomea Raoul. Nisomee na mimi. Kwa sauti, mstari kwa mstari."

Mkono wa Jeannot ulisogea wenyewe, kidole kikakaa kwenye jina la kwanza. Alisoma kama asomavyo karani, jina la ukoo kwanza, bila haraka. La tano. La kumi. Jina la kumi na sita lilikuwa limefunikwa na damu. Alisita, akaliruka. Alipofika la ishirini na nne ukurasa uliisha, na kidole kilibaki pembeni ya saini.

"Endelea," alisema Nafisa. "Ukurasa wa pili. Ulifika wapi?"

"Trente-sept. Thelathini na saba."

"Soma trente-sept."

Jeannot alifunga macho.

"Kalenga," alisema. "Kalenga Chadrack. Miaka kumi na tisa."

Paluku aligeuka ghafla. Nafisa aliinua kichwa.

"Kalenga," alisema Nafisa. "Ndugu wa Raoul."

"Sikujua! Beye bote banamwita Raoul ya mashini, nani anajua postnom yake, jina ya ukoo? Nilisoma tu. Akaachia kibodi. Akalia, akacheka, akanikumbatia. 'Papa Jeannot, iko mu buzima! Siku kumi niko nalala ku morgue!' Alinishukuru, Mama. Mimi."

"Halafu?"

"Njo nikamwambia. Document iko wazi sasa, ondoa jina moja, weka ya Héritier. Hesabu ibakie quarante et un, arobaini na moja. Nilimwambia ndugu yako abaki ku liste! Ondoa mwingine, yeyote, mimi sichague. Akakataa." Jeannot alianza kulia, kilio kibaya cha mtu asiyezoea. "Akasema, kila mustari iko na mama yake. Akasema anaenda kambini, atangojea pa mulango mpaka bote batoke. Akataka kusimama. Nikakamata stabilisateur."

"Mara tatu."

"Alikuwa bado anapumua."

Nafisa aliuliza swali la mwisho kwa sauti ya chini.

"Ungeweza kumfuta yeyote. Kwa nini Chadrack?"

"Sijue mashini, Mama, najua tu kuandika na kutoa papier. Kile kimustari chenye kinawaka-waka kilikuwa palepale, pa jina yake, pale Raoul alikiacha. Sikujua namna ya kukipeleka kwingine. Nikafuta tu."

Saa tisa kasoro dakika tano gari la polisi lilifunga breki kwa nguvu mbele ya kambi. Victorine alikuwa nyuma, na kile chakula mapajani. Malori yalikuwa yananguruma. Kapteni alisoma maelezo ya Jeannot akiwa amesimama, akasoma tena, akacheka kwa pua.

"Kalenga iko ndani ya lori ya pili. Ashuke. Chomba apande."

"Wote wawili watoke," alisema Nafisa. Alichukua orodha, akalirudisha jina la Kalenga kwenye mstari wa thelathini na saba, kisha akaandika kwa kalamu yake chini kabisa: arobaini na mbili, Chomba Héritier. "Kijana hakuua mtu. Kosa ni la baba yake."

Kapteni aliufuta mstari ule kwa kidole gumba kilichoroweshwa mate, mpaka karatasi ikatoboka.

"Quarante et un," alisema. "Mimi nahesabu vichwa."

Héritier alikuwa tayari nje ya geti, hatua kumi barabarani, anafunga kamba ya kiatu. Askari wawili walimkamata mikono. "Nimefanya nini?" aliuliza. Aliuliza mara tatu, ya mwisho akiwa juu ya lori, na Nafisa aliyejua jibu hakuweza kulisema.

Chadrack alishuka akiwa na jicho moja limefumba na vidole viwili vimevunjwa. Alimwona Victorine, akatazama nyuma yake, akatafuta ndani ya gari.

"Yaya Raoul iko wapi?" aliuliza. "Nilijua atanipata tu."

Victorine alimpa chakula. Kilikuwa cha Raoul, na kilikuwa kimepoa.

Jioni Nafisa alimwekea Jeannot hati ya mahojiano, kurasa nne. Hakumwelekeza. Jeannot alisoma kila ukurasa, akatia J yenye mkia chini ya kila mmoja, akazipanga zikawa sawa pembeni. Ndipo akainua uso.

"Na mutoto yangu? Alitoka?"

"Alitoka," alisema Nafisa. "Alikuwa anafunga kiatu. Wakamrudisha."