Keki ya Ghorofa Tatu

Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kulia, Bibi alisimulia ndoto. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa nyumba ile. Chai mezani, ndoto kwanza, mengine baadaye.

"Nimeiota tena ile nyumba," alisema Bibi Alhamisi hiyo. "Ya ghorofa tatu, nyeusi, laini. Nikaegemea ukuta, mkono ukazama. Nikalamba vidole. Weee, tamu!"

"Mama, hiyo ni keki ya chokoleti," alisema mke wa mwanawe, fundi wa kushona.

"Keki gani ina ngazi? Halafu mimi sijawahi kukatiwa keki tangu nizaliwe. Basi napanda. Ghorofa ya kwanza, ya pili. Kuna mtu namtafuta, simjui ni nani. Nikikaribia kule juu, mnaniamsha na vyombo vyenu!"

Fundi alicheka, kisha akakumbuka. Jumapili Bibi alikuwa anaondoka. Binti yake wa mwisho, aliyeolewa mbali, alikuwa amejifungua mapacha, na Bibi anakwenda kumsaidia kulea. Angerudi lini? Hakuna aliyethubutu kuuliza. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na mmoja. Bibi ndiye aliyemfundisha kushona, na ndiye aliyemwachia cherehani yake. Na miaka yote hiyo fundi hakuwahi kumpa asante ya kweli, ya kutazamana machoni. Aliona haya. Mtu na mama mkwe wake, jamani, unaanzia wapi?

"Nitamjengea nyumba yake," akajiambia.

Alasiri ile, Bibi aliposinzia, fundi aliingia jikoni kwa kunyata. Hakuwa na tanuri. Alikuwa na jiko la gesi, bati la kuokea, sufuria kubwa nzito yenye mfuniko, na mchanga mkavu wa kutandaza ndani yake. Akaoka. Keki ikaumuka vizuri, harufu ikatembea nyumba nzima.

Hapo ndipo mazoea ya kazi yalipomponza. Kwenye kushona, mshono unapigwa pasi papo hapo, bila kungoja, ndipo unalala. Fundi hakuona kwa nini keki iwe tofauti. Akaitoa, akaikata tabaka tatu kwa kisu ikiwa bado inafuka moshi, akapaka krimu ya siagi, akapanga, akakandamiza kwa viganja.

Krimu ikayeyuka. Ghorofa ya juu ikateleza. Ya kati ikaifuata. Zote zikaishia mezani, vipande vipande, na fundi akaketi akalia kama mtoto.

"Hodi!" Alikuwa jirani, mwoka mikate mstaafu. Watu walimwita Mzee Tanuri. Alikuwa amefuata suruali yake aliyoileta kupunguzwa. Akachungulia meza. "Fundi, suruali yangu ni hiyo iliyomwagika?"

"Mzee, usinichekeshe. Nimeharibu kila kitu."

Akamweleza yote: ndoto, safari, asante iliyomkaa kifuani. Mzee aliokota kipande, akatafuna taratibu, macho ameyafumba.

"Keki yenyewe haina kosa," alisema. "Uliweka nini?"

"Unga wa ngano vikombe viwili, sukari kikombe kimoja na nusu, kakao nusu kikombe. Beking pauda vijiko viwili vidogo. Mayai mawili, maziwa kikombe kimoja, mafuta nusu kikombe."

"Sawasawa kabisa. Ulikosea baada ya kuiva. Keki ya moto ni mgonjwa aliyetoka kuamka. Unampandisha ngazi? Iache ipoe kwenye bati dakika kumi. Igeuze juu ya wavu wa waya, ipoe kabisa. Uiguse chini, usisikie joto hata kidogo. Siagi ikikuta joto inakimbia."

"Masaa mangapi hayo?"

"Mawili. Kama una haraka, shona nguo. Na kisu je? Mbona vipande vimekwenda upogo?"

"Kisu kilikataa kunyooka."

Mzee alitazama cherehani pembeni, akaanza kucheka mpaka mabega yakamtikisika. "Fundi mzima unahangaika na kisu, na uzi umejaa nyumbani! Zungushia keki alama ndogo kwa ncha ya kisu, kimo kimoja pande zote. Laza uzi imara, safi, ndani ya alama. Pishanisha ncha, vuta taratibu. Utapita kama unapita kwenye maji."

"Uzi? Mzee, miaka thelathini mlikuwa mnakata kwa uzi?"

"Nipe suruali yangu, niende."

Jumamosi mchana, Bibi alipolala, fundi aliwasha moto mdogo. Akapasha sufuria dakika kumi na tano, akaingiza bati, akafunika. Hakufunua kuchungulia mpaka dakika arobaini zilipotimia. Akachoma njiti katikati, ikatoka kavu. Akazima jiko, akaitoa.

Kisha akangoja. Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kuoka! Pazia lilipepea, jua likahama kutoka dirishani hadi kwenye kiti cha Bibi. Fundi alikaa akasikiliza mama mkwe wake akikoroma, na ghafla akajua kwamba ataukosa hata mkoromo huo.

Keki ilipokuwa baridi, alichukua uzi mweupe, akavuta. Ukapita. Ghorofa tatu, sawa kama zilizopimwa kwa futi. Akapaka krimu, akapanga, akapaka nje. Haikuyumba.

"Leo nyumba ina harufu," sauti ya Bibi ilitoka chumbani, nzito ya usingizi. "Bado naota?"

Alitoka akiburuta kandambili. Akaiona keki mezani. Akanyoosha kidole, akakizamisha ukutani, akalamba. Halafu akauona uzi uliojaa makombo.

"Umekata kwa uzi?"

"Ndiyo, mama." Fundi alimtazama machoni. "Wewe ndiye uliyenishikisha uzi. Sijawahi kukushukuru. Asante, mama. Asante kwa kila kitu."

Bibi aliketi. Akala ghorofa ya kwanza, akala ya pili. Alipofika ya juu, machozi yakamshuka hadi kidevuni.

"Kumbe ulikuwa wewe kule juu," alisema. "Na mimi nahangaika na ngazi!"

Jumapili aliondoka na kipande kimoja kwenye kopo na kidonge kizima cha uzi mweupe, baada ya fundi kumweleza namna ya kuoka keki na kuiacha ipoe.

Wiki mbili baadaye akapiga simu.

"Mwanangu, leo nimeoka. Nikaiacha ipoe, kama ulivyoniambia. Imesimama!"

"Hongera, mama! Na ndoto?"

"Nimeiota tena ile nyumba. Sasa nina ufunguo. Nikirudi, nitakuja na mapacha na mama yao, utupikie chai."

"Utarudi?"

"Kwani nani atanisikilizia ndoto?"