Nipokee, Mwanangu

Adabu nayo huua, nyie mnaojisifia malezi. Zuwena hakulijua hilo jioni ile alipopandisha kilima juu ya Muheza kumfuata mumewe, Uweso, aliyekwenda kung'oa reli kuukuu akauze chuma chakavu Pongwe.

"Mlete kabla ya magharibi," mkwewe, Bi Shadya, alimwambia mlangoni. "Na kule msipokee kitu cha mtu."

Reli ile waliijenga Wajerumani, ya kushushia mawe ya madini. Njia moja tu, mlima mkali. Toroli linaloshuka likikutana na linalopanda, ni msiba. Basi ikawekwa fimbo ya chuma: mwenye fimbo ndiye mwenye njia, wala haitui mpaka mwenzake ampokee. Siku moja mtu alichoka, akaitua, na matoroli yakagongana. Waliokufa walizikwa palepale na mgodi ukafungwa. Vijana wakisimuliwa haya hucheka.

Zuwena alimkuta Uweso ameinamia mtaimbo.

"Twende, mama ana wasiwasi."

"Namalizia hii."

Ndege wakanyamaza. Ikaja harufu ya grisi ya moto, mahali pasipopita hata baiskeli. Kisha reli ikaanza kulia...

Krrr... krrr...

Kwenye kona akatokea mzee, mgongo umepinda, fimbo ya chuma begani. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole gumba.

"Shikamoo, mzee," Uweso akasema, maana ndivyo alivyolelewa.

"Marahaba. Nipokee, mwanangu. Nimechoka."

Mtoto wa watu, ataachaje mzee na mzigo?

"Usi..." Zuwena alisema.

Uweso alikwishapokea.

Mzee akashusha pumzi ndefu, na pale aliposimama pakabaki majani tu. Uweso akataka kuitupa ile fimbo. Vidole havikufunguka. Miguu ikamgeuza, ikampandisha mlimani, naye analia, anamwita mkewe. Zuwena alimng'ang'ania shati mpaka likachanika, akabaki na kipande mkononi.

Nyumbani, Bi Shadya alisikiliza yote.

"Huyo mzee, gumba la kushoto analo?"

"Hana, mama."

Bi Shadya akakaa chini sakafuni. "Baba yake huyo. Alikwenda kung'oa reli hizo hizo, Uweso yumo tumboni. Miaka yote namngoja mimi, kumbe yeye anamngoja mwanawe."

Sasa magharibi ikiingia, reli inalia kule kilimani, na sauti inashuka hadi uani, imechoka kuliko ya jana.

"Zuwena... nipokee."

Siku zote za ndoa yao alimpokea mumewe mlangoni, iwe kapu, iwe jembe. Mikono imezoea. Kwa hiyo Bi Shadya humfunga kwa kanga kabla ya adhana, na Zuwena mwenyewe ndiye anayemnyooshea mikono.

Jana alimwomba asikaze sana.