Picha Niliyowatumia Wahisani

"Mama, mgonjwa ni yupi kwenye hii picha?"

Dada wa mfuko wa wahisani aliniuliza kwa simu. Nilikuwa kwenye cherehani, mkasi mkononi.

"Si huyo mwenye suti? Ni mume wangu. Anatakiwa kubadilishwa valvu ya moyo."

"Kamati ilisema mtanashati kama huyu anajiweza, nafasi akapewa mwingine. Pole, mama. Fomu ilitaka apigwe picha kitandani, vilevile alivyo."

Fomu niliisoma. Suti niliishona mimi, ndevu nilimnyoa mimi. Sikutaka watu wasiomjua wamwone mume wangu kama mtu wa kuhurumiwa.

Nilimkuta wodini ameegemea mito mitatu, maana akilala chali pumzi inakata.

"Fundi, macho mekundu! Umejichoma sindano tena?"

"Mwalimu, nimekuua."

Nikamweleza yote. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Yaani nimekataliwa kwa uzuri? Dada zangu wakisikia hawataamini."

"Usinitanie. Tupige nyingine, leo hii."

"Na mbavu hizi? Hapana. Wameniona unavyoniona wewe, inatosha."

"Mimi hainitoshi! Nitaishi na picha?"

Alinitazama weee. Kisha akafungua vifungo vya shati mwenyewe, kimoja kimoja.

"Haya, piga."

Siku ya kumi na tisa baada ya kuituma, ujumbe ukaingia: "Hongera mama. Wahisani watalipia upasuaji wote. Awe tayari Jumatatu."

Nilikimbia hadi wodini. Daktari akanizuia mlangoni.

"Mama, moyo umechoka mno. Nikimpasua sasa atafia mezani. Mwezi uliopita ningethubutu."

Ndani, mume wangu alikuwa ameshaambiwa.

"Waandikie wampe mwingine," akanong'ona.

"Siwezi."

"Basi lete simu."

Akaandika mwenyewe, herufi moja moja, akipumzika katikati: "Asanteni sana. Mpeni anayefuata."

"Mwalimu, utanisamehe?"

"Kwa lipi? Panda hapa, acha kusimama kama mgeni."

Nikapanda kitandani. Nesi alituona, akageukia dirishani.

Jumapili saa nne asubuhi nilikuwa bado nimemshikilia mgongo, nimemwinua ili apate pumzi. Nesi ndiye aliyekuja kuitoa mikono yangu, taratibu, akiniambia, "Mlaze sasa, dada. Mlaze."