Raia wa Arubaini na Moja

Kila alasiri, kabla ya kufunga mchezo, Mwanarusi alihesabu raia. Walikuwa kunde arubaini. Siku ile walikuwa arubaini na moja, na huyo wa mwisho hakuwa kunde. Ilikuwa kokwa ya tende, nyeusi, yenye joto kana kwamba imetoka sasa hivi kinywani mwa mtu. Nyumbani kwao hakukuwa na tende tangu Ramadhani.

"Umeiweka wewe?" alimuuliza mdogo wake, Hadeel.

"Mimi? Labda Mji wa Kale mzima wataka kuhamia nchini mwako."

Mvua ya El Niño ilikuwa imewafungia ndani wiki ya tatu. Mchezo ule Mwanarusi aliubuni mwenyewe juu ya kipande cha kadibodi. Alichora nchi kwa kufuata nyumba yao, maana ndiyo aliyoijua: ukumbi ulikuwa mji mkuu, kisima kilikuwa ziwa, jiko lilikuwa mashamba, na mlango wa nje ulikuwa mpaka. Kila mchezaji aliwalisha watu wake, akawajengea, akawatungia sheria. Miaka miwili Mwanarusi hakukanyaga shule, akimuuguza mama yao, Bi Saadia. Sasa mama alikuwa amepona, na shule moja ya ng'ambo, Likoni, ilikubali kumpokea Jumatatu. Alitaka aende na mchezo uliokamilika, wenzake wajue kwamba hakukaa bure.

Kasoro ilikuwa moja. Njaa ikiingia, Hadeel aliwavusha watu wake mpakani, akashinda.

"Nchi yenyewe haina mwenyewe," Hadeel alimcheka. "Hata kuku wana jogoo."

Basi Mwanarusi akaitwaa ile kokwa, akaiketisha mji mkuu, akaandika kwa kalamu: Huyu ndiye mtawala. Hatolewi. Raia hatoki nchini.

Harufu ya udi ikapanda kutoka kisimani, na chetezo kilikuwa baridi.

Asubuhi Bi Saadia alimtuma Hadeel dukani akanunue uzi. Hadeel akafungua mlango wa nje, akavuka kizingiti, akatokea jikoni, nyuma ya mama yake.

"Mbona warudi?"

"Sijarudi, mama," Hadeel alinong'ona. "Nimetoka."

Bi Saadia akaenda mwenyewe, akashika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, akakiona kichochoro na maji yakitiririka na paka wa jirani amejikunyata chini ya baraza, akanyanyua mguu kwa uangalifu kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na mguu ule ukakanyaga sakafu ya jikoni, huku ukumbini, ambako hakukuwa na mtu, kitu kigumu kikisikika kinaburuzwa juu ya kadibodi, taratibu, kama kete ya mchezaji aliyekwisha kufikiri.

Walimwita jirani yao, Mbodze, kupitia dirisha. Mbodze aliuza mahamri asubuhi na kutibu wenye pepo mchana. Alisimama kichochoroni na mwavuli wake, akakataa kuingia.

"Muulizeni yuwataka nini."

Bi Saadia alifungua kinywa aulize, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, ya upole.

"Sitaki kuku wala ubani. Nchi nimepewa."

Mbodze akasogea hadi dirishani.

"Mwanarusi, mwanangu. Sheria yasema nini?"

"Raia hatoki nchini."

"Na nchi yaishia wapi?"

Mwanarusi akaelewa. Akaipigia magoti kadibodi, akachora kichochoro, akachora Tudor, akachora Kizingo, mpaka Feri, penye kivuko cha Likoni, ukingoni kabisa mwa kadibodi; hapakuwa na nafasi tena.

Hadeel akavuka kizingiti. Akasimama kwenye mvua, akilia.

"Kitu hiki hakilali ndani ya nyumba ya watu," Mbodze alisema. Akaipokea kadibodi dirishani, akaikunja, akaifunga na jiwe, kokwa na kunde zikiwa ndani, akaenda kuizamisha baharini. Mwanarusi alitaka kusema jambo, lakini mama alikuwa akibusu mikono ya Mbodze.

Jumatatu alivaa sare, akateremka Feri, akapanda kivuko pamoja na wachuuzi na waenda kazini, akaiona Likoni ikisogea, akawaona wasichana wenye sare kama yake wakimngoja juu ya mteremko, akasikia mlango wa chuma ukishuka, akasukumwa na watu kwa nyuma, akaharakisha, akakanyaga nchi kavu, na nchi kavu ile ilikuwa sakafu ya jikoni.

Bi Saadia aligeuka kutoka mekoni.

"Mbona warudi?"

Mwanarusi alifungua kinywa aulize kadibodi ilizamishwa wapi. Juu ya ulimi wake palikuwa na kokwa ya tende, ingali ya moto.