Jua Lililofungiwa Sandukuni

Mama yake Jorina na mama yangu walichota maji bwawa moja, huko Barishal, Bangladesh, ndiyo maana nayajua haya. Jorina aliolewa na mgane, akamzalia mtoto wa kiume, Tuhin, ambaye hata kukaa kitako alikuwa bado.

Mwezi wa Bhadro mvua hupumua, jua huwaka, na kila nyumba hutoa nguo sandukuni kuzianika zisiote kuvu. Asubuhi ile ua ulijaa kantha, ile mifarishi inayoshonwa kwa sari kuukuu. Moja ilikuwa ndogo, nyekundu. Marehemu Kohinur, mke wa kwanza, aliishona akiwa mjamzito. Alizikwa pamoja na mtoto wake.

"Anika zote," alisema mama mkwe, Bi Monowara. "Zikikauka, ziache kivulini zipoe kwanza. Nguo yenye joto ukiifungia hutoa jasho."

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia! Hata chumvi uliambiwa uifunike, ukasikia. Sasa tunainywa."

Bi Monowara alipokwenda kwa jirani, wingu jeusi lilitokea ng'ambo ya mpunga. Jorina akababaika. Alizikumbatia kantha zote zingali moto kama mikate, akazishindilia sandukuni, akafunga.

Mvua haikunyesha. Naye hakusema kitu.

Siku zikapita, stoo lilimowekwa sanduku ikaanza kunuka uvundo. Tuhin akaanza kukohoa. Kikohozi cha majimaji, kama cha mtu aliyeopolewa bwawani. Dawa za daktari hazikusaidia. Mtoto alipukutika, mbavu zikatokeza.

Mchana mmoja Jorina akaufuata ule uvundo, akafungua sanduku. Kantha za juu zilikuwa kavu. Za chini, kavu. Ile nyekundu, chepechepe. Katikati yake kuvu ya kijani ilikuwa imeota, nayo ilikuwa na umbo. Kichwa. Mgongo uliopinda. Miguu miwili iliyokunjwa.

Akaisugua. Chumba cha pili Tuhin akapiga yowe.

Akaacha. Tuhin akanyamaza.

Akaigusa tena, kwa ncha ya kidole tu. Yowe.

"Mama," alimnong'oneza mkwewe, "nilizifunga zingali na joto."

Bi Monowara aliliona lile umbo, akaketi sakafuni.

"Huyu mtoto wa Kohinur hakuwahi kupata joto hata siku moja," alinong'ona. "Wewe umempa."

"Mwanangu atakufa?"

"Ianike. Usiisugue. Jua lilimleta, jua limwondoe."

Wakaitandaza juani, wakaikodolea macho. Umbo likafifia polepole. Miguu. Mgongo. Mwisho kichwa. Kila lilipofifia, kikohozi ndani kilipungua. Alasiri kantha ilikuwa safi kama imeshonwa jana, na nyumba ilikuwa kimya.

"Alhamdulillahi!" Bi Monowara alicheka huku machozi yakimtoka. "Nenda kamnyonyeshe, mke wa mwanangu. Kantha niachie mimi, wewe sikuamini tena."

Jorina alimkimbilia mwanawe. Tuhin alikuwa macho, ametulia, anamtazama. Pumzi yake ilikuwa nyepesi. Jorina alipombeba alimwona mzito. Mzito kuliko asubuhi, kana kwamba amebeba wawili.

Akambusu shavu. Akambusu tumbo. Akambusu nyayo, zile nyayo laini ambazo hazijawahi kukanyaga chini.

Zilikuwa za baridi. Kati ya vidole mlikuwa na kuvu ya kijani.

Aliziosha kwa sabuni, akazikausha, akazipaka mafuta.

Asubuhi kuvu ilikuwa imeota tena.